Kona Saba

Siku ya kwanza ya darasa lake la kazi za michezo, kila mwaka, Madam aliwauliza wanafunzi swali lilelile. Uwanja umejaa, mpira unachezwa, ni watu wangapi pale wanalipwa? Walitaja wachezaji, kocha, mwamuzi, kisha wakanyamaza. Aliwaacha wanyamaze mpaka waanze kutazama viatu vyao, ndipo akawatajia wengine: anayekata nyasi, anayefua jezi, anayekanda misuli, anayepima mistari, anayeshika saa, hadi yule anayefungua geti kabla watu hawajaamka.

"Ninyi nyote mnataka kuwa miongoni mwa wale ishirini na wawili," aliwaambia. "Wale wameshapatikana. Humu ndani simwoni hata mmoja."

Walicheka, kisha wakaudhika, kisha wengi wao wakarudi wiki iliyofuata. Hakuwa mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na watoto wa umri ule, pamoja na kiburi chao, hupenda kuambiwa ukweli na mtu asiyewaonea haya.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, chumba kirefu chenye dirisha moja, kilichonuka mpira na chokaa. Wanafunzi kumi na wanane wa miaka miwili ya mwisho walikaa kwenye mabenchi ya mazoezi, na waliochelewa walikaa kwenye magodoro ya kurukia, ambayo yalitoa vumbi kila mtu alipojigeuza. Katika chumba cha walimu waliliita darasa la waliochoka kukimbia. Madam alilijua jina hilo na halikumnyima usingizi. Mwaka uliotangulia wanafunzi wake wanne walikuwa wameondoka shuleni na kazi mkononi: wawili kwenye viwanja vya manispaa, mmoja kwa mkandaji misuli, mmoja kwenye klabu ya kuogelea. Alipokutana na wale waliolicheka darasa, aliwauliza wa kwao wako wapi.

Alifundisha kwa kukaririsha. Alisema kazi ya uwanjani hufanywa jua likiwaka, watu wakipiga kelele na mkubwa fulani akiuliza kwa nini bado, kwa hiyo namba lazima ikae mdomoni kabla ya kufika kichwani. Walikariri urefu wa goli, uzito wa tufe, muda wa barafu juu ya kifundo kilichoteguka. Na kwa vile kila muhula aliwapeleka uwanja mkubwa wa mjini kupima njia ya kukimbilia, walikariri pia namba ya pale. Aliuliza, "Kutoka ukingoni?" nao wakajibu kwa sauti moja, "Thelathini." Hata wakipishana kwenye foleni ya chakula walirushiana swali hilo kama salamu.

Wawili katika darasa lile tunawahitaji hapa. Mmoja alikuwa binti yake mwenyewe, ambaye shule nzima ilimwita Futi kwa sababu hakuachana na futi ya chuma. Alipima madawati, alipima ngazi, na siku moja alimweleza mwenye nyumba wao kwamba mlango aliowawekea umepinda sentimita mbili, jambo lililomfanya yule bwana asiwasalimie mwezi mzima. Shuleni alipaswa kumwita mama yake Madam. Mara nyingine alijisahau akamwita hivyo nyumbani, na mama yake alimjibu kwamba Madam amebaki shuleni, aliyepo hapa ni mama na anataka vyombo vioshwe.

Wa pili aliitwa Sindano. Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu ana miaka minne, kwa wembamba wake na kwa sababu, alisema shangazi, mtoto huyu akiingia mahali lazima atokee upande wa pili. Sindano alikuwa mkimbiaji wa kweli. Hakulichagua lile darasa. Madam alimsajili kwa nguvu, akamwambia miguu ina mwisho wake na mwisho huo hautumi barua. Sindano alikuja shingo upande, akakaa karibu na mlango, na polepole akajikuta anapenda kufunga bandeji. Alipofunga kifundo cha mtu, kilikaa kama kimezaliwa nayo.

Mbio zake zilikuwa mita elfu moja na mia tano. Chuo cha michezo kilikuwa kinachukua wasichana wachache kila mwaka, malazi, masomo na mazoezi, miaka mitatu, na mtu alitoka pale akiwa na stashahada hata kama mguu ulimvunjikia njiani. Ili uchukuliwe, ulitakiwa ukimbie umbali huo kwa dakika nne na sekunde thelathini na nane au chini yake, katika majaribio yanayotambuliwa na chama cha riadha. Sindano alikuwa akizunguka zunguka kwenye thelathini na tisa kwa mwaka mzima.

Mwaka huo uwanja wa mjini ulifungwa kwa matengenezo wiki tatu kabla ya majaribio. Katibu wa chama akaja shuleni, mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, akauliza kama wanaweza kuyapokea. Mkuu wa shule alimtazama Madam. Madam alisema ndiyo hata kabla hajafikiri. Kwa miaka mitatu alikuwa amewaambia watoto wale kwamba kuna kazi. Sasa kazi yenyewe ilikuwa imepiga hodi.

Walifanya kila kitu wenyewe. Walikata nyasi, wakapigilia kigingi katikati ya kila kona, wakazungusha futi, wakamwaga chokaa. Futi ndiye aliyeongoza upimaji. Madam alipita nyuma yao akiwa ameshika daftari, akauliza, "Kutoka ukingoni?" wakamjibu, akaweka alama ya vema. Mwishoni palikuwa na fomu ya kuthibitisha urefu wa njia. Futi alitia sahihi kama mpimaji, na mama yake akatia sahihi kama msimamizi, na katibu akasema hata mjini hajawahi kuona mistari safi kiasi kile.

Sindano alikimbia saa nne asubuhi. Saa mbili za kupimia kati ya tatu zilionyesha dakika nne, sekunde thelathini na saba, na sehemu saba za kumi. Alikuwa amepita kwa sehemu tatu za sekunde. Shangazi yake, aliyefunga duka asubuhi hiyo, aliingia uwanjani na viatu vyake vya kisigino akamkumbatia mpaka yule mtoto akaomba apumue. Jumatatu mkuu wa shule alimsimamisha mbele ya gwaride. Akalisifu pia darasa la kazi za michezo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakulitaja kwa utani.

Alhamisi ya wiki hiyo, Madam alikuwa nyumbani akimenya viazi. Futi alikuwa mezani anaandika ripoti. Kila mwanafunzi aliyefanya kazi siku ile alitakiwa aandike alichofanya na kando ya kila namba aandike kifungu cha kanuni kilichotoa namba hiyo. Huo ulikuwa utaratibu wa Madam mwenyewe. Alisema namba isiyo na kifungu ni uvumi.

"Mama," Futi aliuliza, "pale shuleni kuna ukingo?"

"Ukingo gani?"

"Wa njia. Ule uliosimama, kama wa mjini."

"Pale pana nyasi na chokaa. Unapajua kuliko mimi."

Futi aliinuka akakiweka kijitabu cha kanuni kando ya sufuria, kikiwa wazi. Madam alikisoma amesimama, ganda la kiazi limemning'inia kidoleni. Kifungu kilikuwa kifupi. Kilisema mkimbiaji hupimwa pale anapopita miguu yake, si pale mstari ulipo. Penye ukingo ulioinuka watu huuogopa, hukaa mbali nao, kwa hiyo hesabu ni sentimita thelathini kutoka ukingoni. Pasipo na ukingo, penye mstari mtupu, watu husogea karibu zaidi, na hesabu ni sentimita ishirini.

Alikisoma mara tatu. Kilikuwa kwenye ukurasa uleule aliofundishia miaka mitatu, nusu ya chini, ambayo hakuwahi kuikaririsha kwa sababu uwanja wa mjini haukuwa na haja nayo.

Futi alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kila kona ya njia yao ilikuwa fupi kwa sentimita thelathini na moja. Katika mita elfu moja na mia tano mtu huzunguka kona saba. Mita mbili na ziada kidogo. Kwa mwendo wa Sindano hizo zilikuwa sehemu nne za sekunde, naye alipita kwa tatu.

"Amekosa kwa moja," Futi alisema. "Sehemu moja, mama."

Madam alimwambia aweke kitabu kando, viazi vinaloa.

Jumamosi alfajiri walikwenda uwanjani wawili, wakapigilia kigingi upya, wakapima kona zote mbili mara mbili kwa futi ya chuma. Umande ulikuwa umekwisha kuila chokaa mahali pengine lakini mstari ulionekana. Madam alitaka sana Futi awe amekosea. Hakuwa amekosea. Mtoto alipima vizuri kabisa kila alichoambiwa apime. Aliyemwambia ndiye aliyekosea, na aliyemwambia alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na sketi imelowa, anatafuta mahali pa kumlaumu mtu mwingine na hapaoni.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Hakuwa mtu wa kukaa na mambo, na lilimtesa kama kiatu kidogo. Alijiambia sehemu moja ya sekunde ni kupepesa jicho, ni mtu kupiga chafya. Alijiambia wale wenye saa nao ni watoto, vidole vyao vina makosa makubwa kuliko hayo. Kisha alijiambia kwamba fomu ile ina sahihi mbili, na moja ni ya mtoto wa miaka kumi na minane ambaye hajawahi kuandika uongo mahali popote, na sasa anamtazama mama yake kila asubuhi juu ya kikombe cha chai bila kuuliza kitu.

Jumanne alimweleza mkuu wa shule. Mkuu alifunga mlango kwanza. Alimsikiliza, akauliza nyasi za pale huota kwa muda gani, na kama mistari ile bado inaonekana. Madam alimjibu kwamba kwa wiki mbili itakuwa imefutika. Mkuu akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba usajili wa chuo ni Jumatatu ijayo, na kwamba wiki mbili si nyingi kungoja. Aliposhindwa kumshawishi alitaka kujua jambo moja tu, kama barua inaweza kwenda bila nembo ya shule. Madam alisema itakwenda na jina lake yeye.

Lakini kabla ya barua alimtafuta Sindano. Hilo alilipigia moyo konde usiku kucha, na asubuhi ya Jumatano alimkuta stoo akipanga bandeji kwa upana. Alimwambia akae. Alimweleza yote kwa mfululizo, ukingo, thelathini, ishirini, kona saba, kama anayesoma ripoti.

Sindano alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikata kona?" aliuliza.

"Hukukata."

"Nilimsukuma mtu?"

"Hapana."

"Nilitoka kabla ya bastola?"

"Hapana, Sindano. Wewe hukufanya kosa lolote. Nimefanya mimi."

Yule msichana alicheka kidogo, cheko la puani. "Umekosea wewe," alisema. "Na chuoni haendi nani?"

Sindano alimaliza kupanga bandeji, akafunga sanduku, akaondoka kwenda kipindi cha jiografia.

Katibu wa chama alijibu barua siku ileile kwa simu. Hakukaripia. Alisema matokeo ya mbio zote zenye kona siku ile itabidi yafutwe, lakini wengine wote waliopita walipita kwa nafasi kubwa au walikuwa na muda wa mahali pengine. Wa kuumia alikuwa mmoja. Uwanja wa mjini ulikuwa umefunguliwa tena. Kama msichana anaweza kukimbia Jumamosi, atakuja mwenyewe na saa yake.

Siku mbili na nusu. Sindano alifanya mazoezi Alhamisi akasimama katikati, akasema miguu ni mizito. Futi alimletea maji, naye akayapokea bila kumtazama. Walikuwa wamekaa benchi moja tangu kidato cha kwanza, wakigawana sabuni, daftari na siri, na sasa Futi alikuwa anatembea karibu naye kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa.

Ijumaa usiku ilinyesha. Asubuhi ya Jumamosi uwanja mkubwa ulikuwa mtupu na umelowa, viti elfu kadhaa na watu wasiofika kumi. Katibu alikuja na karani wake. Wasichana wawili wa timu ya shule walikuja kumsukuma mwenzao mwanzoni, lakini mbio zao zilikuwa za mita mia nne na hawakuwa na zaidi ya mzunguko mmoja na nusu wa kumpa. Mvulana mmoja wa darasani alijitolea amtangulie mpaka mwisho. Katibu alisema kanuni hairuhusu wavulana na wasichana kukimbia pamoja kwenye mbio za kiwango, na alisema kwa masikitiko ya kweli. Shangazi alisimama chini ya mwavuli na chupa ya chai. Alimsalimia Madam kwa adabu yote, na adabu hiyo ilikuwa baridi kuliko mvua.

Saa zilikuwa tatu: ya katibu, ya karani, na ya Madam. Futi alihesabu mizunguko.

Wale wawili walimtoa vizuri. Mzunguko wa kwanza ulikuwa sawasawa. Kisha mmoja akatoka, na mwingine akatoka, na Sindano akabaki peke yake kwenye njia nyekundu yenye madimbwi, na kila aliyeijua riadha uwanjani pale aliona mabega yake yanaanza kupanda. Kichwa kiliinama kona ya tano. Shangazi alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, si lile la utani, na sauti ikagonga viti vitupu ikarudi.

Madam alikuwa ameogopa jambo moja tangu alipopewa ile saa. Aliogopa kwamba mtoto atafika mstarini amechelewa kwa sehemu moja au mbili, na kidole chake mwenyewe kitajua la kufanya kabla hajakizuia. Hakikupewa nafasi. Saa ya katibu ilisema dakika nne, arobaini na sehemu nane. Ya karani ilisema arobaini na sehemu tisa. Yake ilisema arobaini na moja kamili. Hata huruma haikuwa na pa kupenyea.

Walisomeana saa kwa sauti, kama kazi inavyotaka, na karani akaandika. Sindano alikuwa amekaa kwenye nyasi hatua nne kutoka pale, anavua viatu vya misumari. Hakuuliza. Alikuwa amefundishwa darasani kusikiliza muda unavyosomwa.

Na hapo katibu, ambaye alikuwa mtu mwema, aliuachia wema wake utoke saa mbaya kuliko zote. Alimgeukia Futi. Alimwambia kwamba amesimamia viwanja miaka kumi na tisa na hajawahi kuona watu wanajishtaki wenyewe kwa sentimita kumi. Aliuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyeligundua kosa. Futi aliitikia kwa kichwa. Basi, alisema katibu, chama kina nafasi ya mpimaji msaidizi, imekaa wazi mwaka mzima kwa kukosa mtu wa kuaminika, na akimaliza mitihani yake ya mwisho aje ofisini moja kwa moja. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, na uwanja mtupu husafirisha sauti.

Sindano alifunga kamba za viatu pamoja, akavitupa begani, akaenda kwa shangazi yake. Waliondoka chini ya mwavuli mmoja.

Jumatatu shule ilikuwa na maneno yake. Kwamba Madam amemuuza Sindano ili mwanawe apate kazi. Kwamba mama na binti walikula njama, walilijua kosa tangu mwanzo wakalitunza mpaka lifae. Kwamba barua ile iliandikwa na nafasi ile ikiwa imeshaahidiwa. Watu waliosema hivyo walikuwa hawajui hata ukingo ni nini, lakini jambo lilikaa vizuri mdomoni, na Madam, ambaye alifundisha kwamba kinachokaa vizuri mdomoni ndicho kinachobaki, alitambua kazi yake mwenyewe. Darasani walikuja saba. Alifundisha wale saba uzito wa mkuki.

Jioni Futi alimwambia kwamba hataichukua ile kazi.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, mama."

"Ukiikataa, Sindano ataingia chuo?"

"Hapana."

"Basi unaikataa ili wewe ujione msafi. Humsaidii yeye, unajisaidia mwenyewe."

Futi alilia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, kilio cha chini chini, uso umezamishwa kwenye mkono wa sweta. Madam alisimama pale na kitambaa cha kufutia vyombo. Maneno aliyoyasema yalikuwa kweli, na sasa yalikuwa yanamrudia mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kukumbuka sawasawa aliandika ile barua kwa ajili ya nani. Kwa ajili ya kanuni, alikuwa amejiambia. Kwa ajili ya sahihi ya mtoto. Sindano hakuwemo kwenye hesabu hiyo mahali popote, ila pale pa kutoa. Alimvuta binti yake akamweka kifuani, jambo ambalo hakulizoea, na wote wawili hawakujua mikono ikae wapi.

Kesho yake baada ya vipindi alikwenda dukani kwa shangazi. Lilikuwa chumba cha mlango mmoja nyuma ya soko, vyerehani viwili, sare za shule zimening'inizwa kuanzia dari mpaka usawa wa kichwa, na ubao wa kupigia pasi. Shangazi alikuwa anakata kitambaa. Sindano alikuwa kwenye cherehani cha pili, anapinda mapindo ya kaptura, chungu nzima ya kaptura. Siku mbili hakuwa amekwenda shule.

Madam alisema amekuja kuwaambia mwenyewe kwamba Futi ataichukua ile nafasi ya chama, wasije wakasikia barabarani. Shangazi alimjibu bila kuacha mkasi kwamba Jumamosi alikuwa palepale na masikio yake ni mazima, ashukuriwe Mungu. Madam akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa fomu ya kozi ya ukandaji misuli, ya mwaka mmoja, katika hospitali ya manispaa. Alisema ameshaongea na msimamizi, na kwamba mikono ya Sindano anaijua, si maneno ya kumpoza mtu, hajui hata kupoza. Mtihani wa mwisho uko miezi mitatu tu mbele, aufanye, kisha aende pale. Shangazi hakuipokea. Madam akaiweka mezani pembeni ya chaki.

Cherehani cha pili kilisimama.

"Madam," alisema Sindano, "ungengoja mpaka Jumatatu, ningekuwa nimeshasajiliwa?"

"Ndiyo."

"Wangekuja kupima baadaye?"

"Sidhani. Mistari ingekuwa imefutika."

"Na wakati unaandika ile barua ulikuwa unajua hivyo."

"Nilikuwa najua."

Sindano aliitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akiitikia darasani alipohakikisha kwamba ameelewa na hana swali jingine. Hakuwa na hasira usoni. Madam aliitafuta hasira hiyo, maana mbele ya hasira angeweza kusimama. Aliona tu msichana aliyechoka, mwenye vipande vya uzi kwenye nywele.

"Mwambie Futi hongera," Sindano alisema. "Mwambie nimesema kwa moyo. Ila asije hapa kwanza."

"Nitamwambia."

"Na shuleni nitarudi wiki ijayo, kwa ajili ya mtihani. Kwenye darasa lako siji."

Shangazi aliweka mkasi chini kwa mara ya kwanza, akaichukua ile fomu kwa ncha za vidole, akamrudishia.

"Hii rudi nayo, mwalimu," alisema. "Hapa itapotea kwenye karatasi za wateja. Akiitaka, njia ya kuja kwako anaijua."

Aliipokea. Alishukuru, akaaga, akaitikiwa. Alipofika mlangoni ilimbidi ajibane ukutani ampishe mama mmoja aliyekuwa anaingia na mtoto wake mdogo kupimwa sare ya kwanza, na nyuma yake akamsikia Sindano akimwambia yule mtoto, kwa sauti ya upole, anyooshe mgongo na asimame wima.